Sampu ya futi mbili chini ya tangi la futi nne: itatosha?

SWALI: Nina tangi la samaki la futi nne, sentimita 120 kwa 45, kimo 50, na nimefuga samaki aina ya sikilidi wa Ziwa Malawi. Nataka kuweka sampu, yaani tangi la pili la kuchujia maji, ndani ya stendi. Fundi wa vioo anasema sampu ya futi mbili kwa futi moja kwa futi moja inatosha, na kwamba badala ya kutoboa kioo ninunue ovaflo (kisanduku cha kushushia maji ya tangi hadi kwenye sampu) ya kutundika. Pampu niliyoiona dukani imeandikwa lita 2,000 kwa saa. Niendelee? — Msomaji, Kasarani

JIBU: Usimpe fundi oda bado. Futi mbili kwa moja kwa moja ni sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54 ikijaa hadi ukingoni. Chini ya tangi lako, sampu hiyo itamwaga maji sakafuni mara ya kwanza stima itakapopotea, na hilo unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa kalamu na karatasi kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza tuelewane jinsi maji yanavyozunguka. Pampu iliyo ndani ya sampu inasukuma maji hadi tangi kuu. Maji ya tangi kuu yakipanda kidogo, yanavuka mdomo wa ovaflo na kushuka kwa uzito wake yenyewe kurudi kwenye sampu. Ovaflo haivuti maji. Inapokea kile tu kilicholetwa na pampu. Kwa hiyo kiwango cha tangi kuu hakibadiliki hata maji yakipungua kwa uvukizi, kwa sababu kimefungwa na mdomo wa ovaflo. Mabadiliko yote yanaonekana mahali pamoja: chumba cha mwisho cha sampu, kilicho na pampu.

Faida ya mpango huu haiishii kwenye nafasi kubwa ya kuchujia. Mdomo wa ovaflo unakwangua uso wa maji mfululizo, unaondoa ule utando wa mafuta na vumbi unaozuia hewa kuingia. Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wa pekee. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni hubeba miligramu 6.8 hivi kwa lita, ilhali Mombasa yangebeba zaidi ya 8. Sikilidi wa Malawi hufugwa kwa msongamano, na wanahitaji oksijeni nyingi. Uso safi wa maji na maporomoko madogo ndani ya sampu vinawasaidia kuliko mapambo yoyote utakayowanunulia.

Sasa hesabu ya stima. Pampu ikizimika, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Maji yaliyokuwa juu ya mdomo wa ovaflo yanamalizikia kushuka, na bomba la kurudishia linageuka kuwa saifoni: linanyonya maji ya tangi kuu kuyarudisha chini kupitia pampu iliyolala, hadi mdomo wa bomba uguse hewa. Kila sentimita moja ya kina katika tangi lako ni 120 mara 45, sawa na lita 5.4. Mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, kama mafundi wengi wanavyouweka, lita 27 zitashuka. Ongeza lita 5 hivi za maji yaliyomo ndani ya mabomba na kisanduku cha ovaflo. Jumla ni lita 32.

Sampu ya fundi wako, 60 kwa 30, inabeba lita 1.8 kwa kila sentimita ya kimo. Lita 32 zitaipandisha kwa karibu sentimita 18. Kama ilikuwa inafanya kazi ikiwa na maji ya sentimita 20, ingehitaji kimo cha 38, na kioo chake ni cha 30. Lita 14 hivi zitakuwa kwenye zulia lako, au zinateremka kwa jirani wa ghorofa ya chini. Hata ukiinua mdomo wa bomba hadi sentimita 2 chini ya uso, zitashuka lita 16, sampu itafika karibu sentimita 29, na utakuwa umebakiwa na sentimita moja tu. Hiyo si nafasi ya usalama. Siku moja ya kuongeza maji kupita kiasi itaimaliza.

Kwa tangi lako mwambie fundi akate sampu ya 90 kwa 35, kimo 40. Inameza lita 126 na kila sentimita yake ni lita 3.15. Ikifanya kazi kwa kimo cha wastani wa sentimita 22, ina maji kama lita 69, na zile lita 32 zikishuka zitaipandisha kwa sentimita 10 tu. Unabaki na sentimita 8 wazi hata mambo yakiwa mabaya. Utasikia kanuni ya mtaani kwamba sampu iwe robo au theluthi ya tangi kuu. Si mbaya kama mahali pa kuanzia, lakini sampu haipimwi kwa ujazo wake wote. Inapimwa kwa nafasi tupu iliyobaki juu ya maji yake ya kazi. Sampu ya lita 100 iliyojazwa hadi karibu na ukingo ni hatari kuliko ya lita 70 iliyoachwa nusu.

Inua mdomo wa bomba la kurudishia hata hivyo, sentimita 2 chini ya uso zinatosha. Watu huweka valvu ya kuzuia maji kurudi, au hutoboa tundu dogo la milimita 5 kwenye bomba chini kidogo ya uso ili liingize hewa. Tundu weka, lakini fahamu kwamba mwani na konokono wadogo huliziba. Ile valvu nayo hushika uchafu, ikaacha kufunga vizuri. Hesabu sampu yako kana kwamba vyote viwili havipo.

Kuna hesabu ya pili ambayo wengi huisahau, nayo ni kinyume cha hiyo. Bomba la kushushia likiziba, kwa jani au kwa samaki mdogo aliyejipenyeza, pampu itaendelea kupandisha maji hadi chumba chake kikauke. Maji hayo yote yanaenda tangi kuu. Je, lina nafasi? Chumba cha pampu chenye upana wa sentimita 26 kwa 35, maji yakiwa na kimo cha 18 na pampu ikinyonya hadi 5, kinatoa lita 12. Katika tangi lako hizo ni sentimita 2.2 tu. Ukiacha sentimita 4 kutoka uso wa maji hadi ukingo wa kioo, hakuna tone litakalomwagika. Kwa hiyo chumba cha pampu kisiwe kikubwa ovyo. Kisiwe kidogo mno pia, kwa sababu uvukizi wote unaonekana hapo: kila sentimita ya chumba hicho ni kama lita 0.9, na tangi lililo wazi likipoteza lita 2 kwa siku, kiwango kitashuka zaidi ya sentimita 2 kila siku. Utakuwa unaongeza maji kila baada ya siku mbili.

Mgawanyo wa ndani basi uwe hivi. Chumba cha kwanza sentimita 20, maji yanapoingilia, ukiweka soksi ya kuchujia au sponji nene ya kushika uchafu. Cha pili sentimita 35, makazi ya bakteria: vigae vya kauri, mawe mepesi ya volkeno, au sponji ngumu. Halafu vioo vitatu vya kukamata mapovu, vyenye mwanya wa sentimita 3 kati yao: cha kwanza kinaanzia chini na kufika kimo cha 24, maji yanapita juu yake, cha kati kimeinuliwa sentimita 3 kutoka sakafu ya sampu na kufika 30, maji yanapita chini yake, cha tatu kinaanzia chini hadi 22, maji yanapita juu tena. Baada yake chumba cha pampu, hizo sentimita 26 zilizobaki. Usimruhusu fundi kubana mianya hiyo iwe sentimita moja ili kuokoa nafasi. Maji yakipita kwa kasi yanabeba mapovu hadi kwenye pampu, na utayaona tangi kuu limejaa chembechembe nyeupe. Silikoni iwe safi, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu kama ile ya bafuni, na uipe wiki nzima ikauke kabla ya kujaza maji. Harufu ya siki ikiwa bado ipo, haijakauka.

Tuje kwenye ovaflo. Ya kutundika hubeba maji kuvuka ukingo wa kioo kwa bomba lililopinda kama herufi U iliyogeuzwa, na ndani yake saifoni haitakiwi kukatika. Tatizo ni kwamba mapovu hujikusanya taratibu pale juu penye mpindo, hasa mtiririko ukiwa mdogo. Siku stima inarudi baada ya kukatika, saifoni iliyodhoofika inaweza isianze tena, huku pampu ikiwa imeanza mara moja. Ukiwa na chumba cha pampu kilichopimwa vizuri hutafurika, lakini pampu itaachwa kavu na kuungua, na samaki watakaa bila kuchujiwa maji hadi urudi kutoka kazini. Katika mji ambao stima hupotea bila kubisha hodi, siwezi kukushauri uitegemee. Toboa kioo.

Kabla ya kutoboa, hakikisha kioo si kile kilichokazwa kwa moto, ambacho mafundi hukiita tempadi. Hicho hakitoboleki, kitalipuka vipande vipande biti ya dirili ikikigusa. Matangi yanayounganishwa na mafundi wetu kwa kawaida hutumia kioo cha kawaida, lakini muulize aliyelitengeneza, na ujipimie: weka laptopu yenye skrini nyeupe nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi, kisha inamisha kichwa huku na huku. Kioo cha kawaida kitang'aa au kufifia sawasawa chote, bila madoa. Kilichokazwa kitaonyesha madoa na mistari ya kivuli. Pima kila kioo peke yake, kwani sakafu ya tangi inaweza kuwa imekazwa na kuta zisiwe.

Nunua konekta kwanza, yaani kiungo cha kupitisha bomba kwenye kioo, tundu baadaye. Konekta za matangi ya maji zinazouzwa hadweya yoyote zinafaa, mradi ni za plastiki na zina mpira wa kuzuia uvujaji. Chukua mbili za inchi 1¼. Nyuzi zake za kufungia nati kwa kipimo cha kawaida ni karibu milimita 42 kwa nje, kwa hiyo tundu la milimita 44 linatosha, lakini zipo zenye mwili mnene zaidi, ndiyo maana ninasema upime iliyo mkononi mwako kabla ya kununua biti ya almasi. Tundu likae kwenye kioo cha nyuma, na kati ya ukingo wake na ukingo wa kioo, au kati yake na tundu la pili, kubaki angalau upana wa tundu moja. Hamisha samaki na umwage maji yote. Sponji ya chujio la zamani ibaki ndani ya maji ya tangi ili bakteria wasife. Bandika tepu ya karatasi upande wa pili wa kioo, dirili iende polepole, maji yatiririke kwenye biti muda wote, na usikandamize. Kioo cha milimita 10 kinaweza kuchukua dakika kumi au zaidi. Haraka ikikushika mwishoni, biti inapokaribia kutokea, ndipo kioo humeguka.

Mpira wa konekta ukae ndani, upande wenye ubapa. Nati kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko tu.

Ndani ya tangi, funika matundu hayo kwa kisanduku cha kioo chenye urefu wa sentimita 30, upana 10 na kimo 15. Urefu wa mdomo wake una maana kubwa. Mtiririko wa lita 1,200 kwa saa ukipita juu ya mdomo wa sentimita 30, maji yanasimama milimita 7 hivi juu yake. Ukiufupisha hadi sentimita 10, yanasimama milimita 15, na ukwanguaji wa uso unakuwa dhaifu. Meno ya kuzuia samaki yanakula karibu nusu ya urefu huo, kwa hiyo kama utaweka meno, yenye nafasi za milimita 6 kuwazuia vifaranga vya sikilidi, panua kisanduku hadi sentimita 50 au 60.

Kwenye konekta ya kwanza funga elbo (kiungo cha kona) inayotazama chini, mdomo wake sentimita 2 juu ya sakafu ya kisanduku. Hili ndilo bomba kuu, na nje ya tangi liwe na valvu ya geti. Valvu ya tufe, ile ya kugeuza robo mzunguko, haikupi urekebishaji mwembamba. Kwenye konekta ya pili elbo itazame juu, ukingo wake sentimita 2 chini ya mdomo wa kisanduku, bila valvu yoyote. Hili ni la dharura. Washa pampu valvu ikiwa wazi kabisa. Utasikia bomba likifyonza hewa na kukoroma. Funga valvu kidogo kidogo. Maji yatapanda ndani ya kisanduku, elbo ya chini itazama, hewa itaisha ndani ya bomba, na kelele itakatika ghafla. Endelea hadi uzi mwembamba tu wa maji uwe unadondokea bomba la dharura. Uzi huo ni kengele yako: siku utakapousikia umekuwa mkubwa, bomba kuu limeanza kuziba.

Hapa kuna kosa linalowasumbua watu baada ya kila kukatika kwa stima. Mwisho wa bomba kuu ndani ya sampu usizame zaidi ya sentimita 2 au 3 kwenye maji ya kazi. Ukizama sana, hewa iliyoingia bombani pampu ilipozima haitapata nguvu ya kutoka, na saifoni haitaanza. Kumbuka kwamba wakati huo sampu iko juu kwa sentimita kadhaa kuliko kawaida, kwa hiyo bomba limezama zaidi ya unavyoliona kila siku. Dakika ya kwanza au mbili bomba la dharura litafanya kazi yote, pampu ishushe kiwango cha sampu, ndipo bomba kuu litapumua na kushika. Ndiyo maana la dharura lazima liweze kubeba mtiririko wote peke yake.

Pampu sasa. Tangi lako lina maji yapata lita 240. Mara tano kwa saa kupitia sampu ni lita 1,200, na hizo zinatosha. Ukitaka maji yachangamke zaidi ndani ya tangi, weka pampu ndogo ya mawimbi humo humo badala ya kulazimisha ovaflo. Ile namba ya lita 2,000 kwenye boksi ni ya pampu isiyoinua chochote. Kutoka maji ya sampu hadi uso wa tangi kuna kama mita 1.1, na elbo na bomba vinaifanya iwe kama mita 1.4. Pampu ya lita 2,000 ambayo kimo chake cha mwisho, yaani kimo ambacho ikifika haitoi maji tena, ni mita 2 huenda ikakuletea nusu au chini ya hapo. Tafuta ya lita 3,000 yenye kimo cha mwisho cha mita 3, kisha ipunguze kwa valvu upande wa kutoa, kamwe si upande wa kunyonya. Kupima ni rahisi: elekeza bomba la kurudishia kwenye ndoo ya lita 20 ukiwa na saa, ndoo ukiwa umeiinua hadi usawa wa tangi. Ikijaa kwa dakika moja kamili, hizo ni lita 1,200. Pampu ya wati 30 ikikesha mwezi mzima itakula yuniti 22 hivi za tokeni zako.

Kabla ya samaki kurudi, fanya majaribio mawili kwa maji matupu. Zima pampu ukutani, subiri kila kitu kitulie, chora mstari wa kalamu ya wino usiofutika pale sampu ilipofika. Hilo ndilo jaribio la stima. Kisha washa, funga valvu ya bomba kuu kabisa, uone kama la dharura linabeba. Na ukiwa jasiri, ziba na la dharura pia kwa kitambaa, mkono ukiwa kwenye swichi, utazame tangi kuu likipanda hadi pampu ikose maji. Likifika ukingoni kabla ya hapo, toa maji kidogo kwenye chumba cha pampu na uweke mstari wa pili wa kiwango cha juu cha kazi. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu nyumbani wa kuongeza maji kupita mstari huo.

Hita ikae chumba cha pili, si cha pampu, maana kiwango cha huko kikishuka itabaki nje ya maji na kupasuka. Usiku wa Juni na Julai utaihitaji. Maji ya kuongeza yasitoke mferejini moja kwa moja kupitia boya kama la tangi la choo. Yana klorini, na boya likinasa litafurisha sampu. Yatibu kwanza, uyaongeze kwa jagi.

Stima ikikaa saa nyingi, sampu ina nafuu kuliko chujio la kopo lililofungwa, kwa kuwa iko wazi na bakteria hawakosi hewa upesi. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100, ukiitumia nusu tu ili idumu, itaendesha pampu ya wati 30 kwa saa 16 hivi kupitia inveta. Kama bajeti haifiki hapo, pampu ndogo ya hewa ya betri kwenye tangi kuu ndiyo ununue kwanza.